Siku Kheir Alipofunga Maiki ya Mkewe

Kheir wa Michenzani alimpenda Zeyana kwa masikio kabla hajamtazama vizuri usoni. Yeye alikuwa fundi mitambo wa kikundi cha taarabu, Zeyana mwimbaji mgeni kutoka Mpendae. Siku ya mazoezi alivaa hedifoni, akazifunga ala zote, akamsikiliza peke yake. Mwaka haukwisha, wakaoana.

Kwa muda mrefu kazi ya kumpigia mkewe mitambo ilikuwa nyepesi. Hata kikundi kilipoacha mashine za zamani kikanunua miksa ya kidijitali ya kuchanganyia sauti, Zeyana alisimama tu mbele ya maiki na sauti ikaingia imejaa, safi. Kheir akaiongezea kidogo, akaendelea na kahawa yake.

Kisha sauti ikaanza kupungua. Mwanzo walisema mafua, baadaye uchovu. Daktari akaona uvimbe kooni, akamkataza kuimba. Zeyana hakutaka kusikia.

"Usimwambie Bi Nadra," alimsihi mumewe, maana Bi Nadra ndiye mwenye kikundi. "Weye nipandishe tu."

Kheir akampandisha. Lakini maiki haichagui. Kila alipoongeza nguvu ya sauti inayoingia, viliingia na vingine vyote: feni, fidla za nyuma, jenereta ya nje, porojo za wageni wa mbele. Akijaribu kuzichuja kelele, mashine ilichuja pamoja na mwisho wa maneno ya Zeyana, kwani sauti yake na kelele zilishakuwa kimo kimoja. Na mkewe alipojikaza akaitoa ghafla, taa nyekundu iliwaka, spika zikakwaruza hadi watu wakaziba masikio.

"Nimesikika?" Zeyana aliuliza kila waliporudi nyumbani.

"Umesikika, mwenzangu."

Mambo yaliharibika kwenye harusi moja ya alasiri, Mlandege. Zeyana alikuwa katika ubeti wa pili alipokatisha, akageuza sikio kwenye spika iliyomwelekea, akasikiliza kile alichokuwa akifichwa: maiki yake imejaa feni, jenereta na porojo. Akamtazama Kheir. Akapitisha kidole shingoni.

Kheir akatikisa kichwa kukataa.

Zeyana akarudia, midomo ikisema wazi bila sauti: "Funga, Kheir."

Akafunga. Zeyana akaendelea kuimba, mikono ikicheza, uso umechangamka, na ukumbini hakikusikika kitu ila ala.

"Fundi! Mitambo hiyo!" wanawake wakapiga kelele. Bi Nadra akamjia mbio.

"Kheir, umelala?"

"Mashine imenishinda, bibi. Kosa langu."

Alitukanwa mbele za watu, na wiki ile ile akaachishwa kazi. Zeyana akasema hawezi kuimba na fundi mwingine, akaondoka na mumewe. Watu wakamsifu kwa mapenzi yake kwa mume. Hakuna kati yao aliyejua kwamba sauti ndiyo iliyokwisha.

Zeyana alipasuliwa koo Dar es Salaam. Uvimbe ukatoka, sauti haikurudi. Kilichobaki ni kinong'ono, na hicho nacho kinamchosha, basi siku nyingine hasemi kabisa. Kheir akapata vibarua vya mikutano mahotelini, hotuba na makofi tu.

Juzi Bi Nadra, hasira zishamtoka, alimwomba amsaidie harusi moja. Huko Kheir alimkuta mwimbaji mpya, Saadiya, akiimba nyimbo za Zeyana kwa sauti pana isiyo na doa. Kheir akainama chini ya meza akijifanya anatafuta waya, akalia.

Aliporudi, mkewe alikuwa barazani juu ya mkeka akichagua mchele.

"Huyo mpya kaimbaje?" alinong'ona.

Kheir alitaka kudanganya, safari hii ulimi ukakataa. "Vizuri."

"Vizuri kama nani?"

Kheir akainama kuvua viatu. Zeyana akatoa vijiwe viwili vitatu, kisha akalisogeza sinia kwa mumewe.

"Malizia weye," akasema. "Macho yananiuma." Akainuka, akaingia chumbani, akafunga mlango taratibu.