Waya Chini ya Mkeka

Lukeba wa Gatete alikuwa mchuuzi wa ndagala, dagaa wa ziwani, lakini moyo wake ulikaa kwenye gitaa la besi. Mkewe Esperance alilijua hilo tangu siku walipovuka ziwa kutoka ng'ambo ya Congo, yeye kabeba sufuria, bwana kabeba shingo ya gitaa isiyo na mwili. Mwili uliharibika huko huko Fizi. Mtu mwingine angetupa na shingo. Lukeba aliifunga kwenye shuka kama mtoto mchanga, na walipofika Gitaza, kabla ya kuhamia Gatete, akamtafuta fundi wa mitumbwi, akamwambia amchongee mwili kwa ubao wa mtumbwi uliokufa.

Basi gitaa likawa zito kama gunia la mihogo. Kamba yake ya begani ilikuwa mshipi wa kiti cha gari. Ampli iliendeshwa na bateri ya gari, na spika yake ilikuwa imepasuka ikazibwa kwa karatasi na gundi. Lakini Jumapili kwaya ilipoanza na Lukeba akagusa ule uzi mnene, wamama walishika vifua vyao bila kujua kwa nini. Cirhuza wa gitaa la solo ndiye aliyetazamwa na wasichana. Lukeba hakutazamwa na mtu, naye hakujali. Esperance ndiye aliyekuwa akimtazama.

Halafu vita vikashuka kutoka milimani. Asubuhi moja risasi zililia upande wa juu, Gatete nzima ikakimbilia kwenye michikichi karibu na maji. Watu walibeba godoro, kuku, debe la unga. Lukeba alitokea na besi mgongoni na mtoto wao Chanceline mkononi. Jirani yao Anastasie, mama ambaye ulimi wake haukuogopa hata bunduki, akamwangalia kutoka juu mpaka chini.

"Baba Chanceline, hiyo tutakula na mboga gani?"

Watu walicheka, siku ile ile ya kulia. Esperance hakucheka. Alitaka kumpiga bwana wake na mwiko, ila mwiko wenyewe ulibaki nyumbani. Lakini mtoto alipokataa kulala kwa hofu, Lukeba alimwegemeza mgongo wake kwenye ule ubao wa mtumbwi, akagusa nyuzi polepole, bila ampli, bila sauti ya kufika mbali. Mlio ulipita kwenye mti ukaingia kwenye mgongo wa mtoto. Chanceline akaanza kusinzia.

"Siku yako ya kuolewa," Lukeba akamnong'oneza, "mi mwenyewe nitakutoa na hii."

Tangu hapo Esperance hakusema tena neno baya juu ya gitaa.

Miaka ile mipaka ilikuwa imefungwa, na barabara ya Bujumbura ilipitwa kwa msafara wa wanajeshi, ukibahatika. Nyuzi mpya za besi ungezipata wapi? Lukeba alikuwa anazivua zile za zamani, anazichemsha kwenye maji ili jasho na uchafu vitoke, na sauti inaamka tena. Mara moja, bwana akiwa kwenye samaki, Esperance akaona amsaidie. Akazichemsha mwenyewe, kwenye sufuria aliyokamulia mawese, ambayo hakuiosha vizuri. Nyuzi zilitoka nyekundu, zinateleza kama kambare. Jumapili vidole vya Lukeba vilikimbia huku na huku, na sauti ikaanguka dum, dum, nzito kama bugali, bila kulia lia.

Njia nzima ya kurudi nyumbani Lukeba alikuwa akivitazama vidole vyake vyekundu. Esperance naye hakuwa mtu wa kuomba msamaha mbio mbio.

"Mama Chanceline," bwana akasema mlangoni.

"Nini?"

"Ile sufuria usiioshe tena."

Hivyo ndivyo walivyoishi, nyuzi zikichemshwa kwenye mawese. Chanceline akakua, akaposwa na Olivier, kijana wa Kigwena, mtaratibu. Shida haikuwa Olivier. Shida ilikuwa baba yake mdogo, mzee Jephté, aliyekuja kupanga mambo ya harusi akiwa na koti na fimbo.

"Mukwe," Jephté alisema, "tumesikia weye ni mupiga gitaa. Ni vizuri. Lakini kwetu, baba wa bibi harusi anakaa kwenye kiti chake. Anainuka mara moja tu, kupokea blanketi tunalomletea. Akitoka kwenye kiti mbele ya hapo, tunajua amekataa kutoa mutoto. Tunachukua watu wetu tunarudi."

"Hata akienda kupiga wimbo mumoja?" Lukeba aliuliza.

"Hata akienda kukojoa."

Jephté alipoondoka, Chanceline alilia. "Papa alinipa neno kwenye michikichi," alisema. "Nitatoka vipi bila besi yake?" Cirhuza alijaribu kulishika gitaa, akapiga kama mtu anayechuna ngozi ya mbuzi. Hakukuwa na mwingine. Lukeba alikaa ukutani, mikono kwenye magoti. Akiinuka, mtoto anakosa bwana. Akikaa, neno lake kwa mtoto limekufa.

Esperance alizunguka uwanja akipima kwa macho hema la shitingi, turubai la plastiki, litakapokuwa. Kiti cha baba huku, kwaya na bateri kule mwisho.

"Kiti hakitembei," akasema. "Basi besi itembee."

"Waya ni mufupi, mama," Lukeba akasema.

"Waya unaungwa."

Akaenda kwa Saif, fundi redio wa pale sokoni Rumonge, Mwarabu aliyezaliwa hapo hapo na anayemtania kila mtu. Saif alimtazama juu ya miwani.

"Esperance, waya wa taa hautakubali. Utanguruma, harusi nzima itafikiri ndege ya vita inakuja. Unataka waya wa maikrofoni, wenye koti la nyuzi nyuzi ndani."

"Iko wapi huo?"

"Iko wa zamani wa msikiti, walipobadilisha. Nitakuungia. Lakini muambie bwana yako asipige mambo ya bar kwenye waya uliozoea adhana."

Harusi ilifanywa mchana kweupe, maana jioni hakuna aliyeruhusiwa barabarani. Waya ulipita chini ya mikeka, chini ya miguu ya wakwe. Lukeba alikaa kwenye kiti kikubwa, amevaa suti ya kuazima, na kitenge kipana cha Esperance kikamfunika kuanzia tumboni mpaka kwenye viatu, kama mgonjwa wa malaria.

"Mukwe anaumwa?" Jephté aliuliza.

"Ni baridi ya ziwa," Esperance akajibu, na jua linachoma shitingi.

Kwaya ikaanza. Chanceline akaingia na uso wa mtu anayekwenda msibani. Halafu chini ya kila kitu ikaja ile dum, nzito, ya mawese. Bibi harusi akasimama katikati ya njia. Akaweka mkono mgongoni, pale pale mlio ulipoingia siku ile ya michikichi. Hakugeuka kumtafuta baba yake. Akaendelea kutembea, na sasa alikuwa anacheka.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka blanketi lilipoletwa. Jephté akalikunjua. "Baba wa mutoto, inuka upokee!"

Lukeba hakuinuka. Angeinukaje, na gitaa mapajani na waya tumboni? Esperance akajitokeza mbele ya kiti.

"Ana mguu mubaya," alisema. "Mimi nitapokea."

Jephté alisogea. Fimbo yake ikagonga kitu chini ya mkeka. Akauinua mkeka kwa ncha ya fimbo, akaufuata waya kwa macho, taratibu, mpaka kwenye kitenge.

"Mukwe," akasema, "mguu wako iko na waya."

Lukeba akafunua kitenge.

"Nilimupa mutoto neno," alisema. "Na kwenye kiti sikutoka."

Jephté alimtazama, akakitazama kiti, akageukia watu wake. "Ametoka?"

"Hajatoka!" Anastasie alipaza sauti kutoka nyuma, ingawa hakuwa mtu wa upande ule.

Mzee akakuna kidevu. Kisha akainama, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya, akamfunika Lukeba blanketi mabegani, mikono ikibaki huru.

"Basi usiinuke," alisema. "Piga. Na mimi nilikuwa nashangaa, tangu kwaya ianze kuna kitu kinanigonga kwenye nyayo."

Lukeba akapiga, jasho likimtiririka chini ya blanketi. Esperance akakaa mkekani karibu na kiti, akauweka mkono wake juu ya waya, watoto wasiukanyage.