Dereva wa Treni na Mashua Yake ya Nzilo

Kijana wa taxi-moto aliyenipeleka kazini kwa pikipiki yake Jumatatu aliniambia, huku akikwepa mashimo, kwamba tata, yule mzee wa mashua, amekufa. Hakuhitaji kutaja jina. Katika mtaa wetu wa Dilala mtu mwenye mashua alikuwa mmoja tu. Alifia nyumbani, kitandani kwake, baada ya kuugua kwa miezi kadhaa, na mkewe alikuwa kando yake. Alikuwa jirani yangu. Alifanya kazi ya kuendesha treni kwenye njia ya Dilolo mpaka alipostaafu, na wenzake waliponunua kuku na mashamba, yeye alitangaza kwamba anataka mashua ya kutembea nayo kwenye ziwa Nzilo: apike humo, alale humo, azunguke na mkewe ambaye kwa miaka yote ya ndoa alikuwa akimuaga tu kila safari. Nilimuuliza kwa nini mashua. “Maisha yangu yote nilienda kwenye reli inanipeleka,” alisema. “Sasa mi nataka kukata kona.”

Kuchagua mashua kulituchukua msimu mzima wa kiangazi. Nasema kulituchukua kwa sababu mimi nilibebwa kila safari kama mshauri, ingawa ujuzi wangu wa maji uliishia kwenye ndoo ya kuogea. Tulianza na mtumbwi wa mti uliochongwa. Mkewe aliketi ndani yake kidogo, akatoka, akasema hilo ni jeneza lisilo na kifuniko. Tukaonyeshwa boti ya plastiki yenye viti vya sponji, iliyokuwa ya bosi mmoja wa mgodi. Ilikuwa nzuri na yenye mbio, lakini haikuwa na kivuli, na mtu akisimama kuvaa suruali ilitaka kumtupa majini. Mama, huyo mkewe, alikuwa na masharti yake, na leo naona yalikuwa ya busara kuliko yote tuliyoambiwa na wauzaji: kivuli, mahali pa kuweka mbabula, jiko la makaa, bila kuunguza kitu, na pazia la choo. Mzee alisikiliza kwa heshima, kisha akaenda kwa fundi wa kuchomelea vyuma na kutengenezesha mashua ya mabati mazito, pana, yenye kitako bapa na paa juu. Pazia liliwekwa. Mbabula ilipata pembe yake. Lakini mashua ilinguruma, ilinuka mafuta, na saa sita mchana ilichemka kama chungu. Mzee alipoiona siku ya kwanza majini, machozi yalimlengalenga. Alikuwa amejitengenezea treni.

Na aliiendesha kama treni. Aliendelea mbele moja kwa moja, akiwatazama wavuvi kama watu waliovuka reli bila ruhusa, na aliwapigia honi iliyowaamsha ndege wote wa ziwa. Kukata kona, jambo lililompeleka majini, ndilo lililomshinda. Mara ya kwanza kutia nanga alizima motere, ile injini, mapema mno, tukabaki katikati ya maji tukitazamana. Mara ya pili alichelewa kuizima, tukapanda pwani mpaka kwenye mihogo iliyoanikwa na mama mmoja wa kijiji, na tukashinda pale tukiokota vipande na kuomba radhi.

Kisa kikubwa kilitokea kwenye kijiji kimoja cha wavuvi. Mzee alitangaza saa ya kuondoka, mkewe akaenda kutafuta samaki. Saa ilipofika alipiga honi na kuwasha motere. Nikamwambia mama hajarudi. Akajibu bila kugeuka, “Treni haingojaka muntu,” akaondoa mashua. Nadhani mikono yake ilifanya kabla ya kichwa kufikiri, maana tulipofika mbali kidogo aliomba chai, akamwita mkewe kwa jina, na hakuna aliyeitika. Sijawahi kuona uso wa mtu ukisawijika vile. Alianza kugeuza lile dubwana, na kabla hajamaliza mtumbwi ulitupita. Ndani yake waliketi wavuvi wawili na mama, samaki mapajani, mgongo umenyooka, macho mbele. Hakutusalimu. Alifika bandarini kabla yetu, akapanda taxi-moto, akaenda zake.

Kwa wiki nyingi hakutia mguu kwenye mashua. Mzee alinituma kumwombea msamaha, na mama akanipa kiti, akanipa bukari, ugali wetu, kisha akanirudisha na kusema mwenye kosa aje mwenyewe. Alikuja. Nilikuwepo, nikatamani nisiwepo. Mama hakupandisha sauti. “Ata muzigo ya bantu ulikuwa unaichunga,” alisema. “Mi bibi yako, uliniacha.” Mzee akasema kwamba kwenye vituo alikuwa akisikia tu kelele za watu walioachwa; yeye alikuwa mbele, hakuwahi kuona nyuso zao. Siku mtumbwi ulipotupita, alisema, ndipo alipozijua. Mama akaweka sharti moja: usukani ni wake.

Ilibainika kwamba mama anajua kukata kona. Alipita katikati ya visiki vya miti iliyozama kama anayepita sokoni, na alitia nanga taratibu hata chai haikumwagika. Mzee alihamia kwenye mbabula, akaunguza samaki wengi kabla ya kujifunza. Katika vijiji mama alizungumza na wanawake wenzake kadiri alivyotaka, naye mzee alimngoja chini ya paa lile la moto, jasho likimtiririka, bila kugusa honi.

Kwenye matanga mama alinisimulia matembezi yao ya mwisho. Mzee alikuwa amelala kwenye godoro, dhaifu, motere imezimwa, mashua inaelea tu. Akafungua macho akauliza wamefika kituo gani. Mama akamjibu, “Hatufike fasi yoyote. Tunatembea tu.” Akatabasamu, akalala tena.

Mji wetu unatufundisha kazi vizuri sana. Unatufundisha kuwahi zamu, kujaza lori, kuchimba madini hata chini ya vitanda vyetu kama walivyofanya watu wa mtaa wa Kasulo. Kisha siku moja unatuambia basi, nenda kapumzike, na tunarudi nyumbani na mikono isiyojua kitu kingine. Wewe unayestaafu mwaka huu, chagua unachotaka: shamba, kuku, hata mashua. Lakini kabla ya kumwita fundi, keti na yule utakayesafiri naye, umuulize yeye anapenda kwenda vipi. Halafu mpe usukani, ujionee mwenyewe kama kweli ulikuwa unajua njia.