Ukuta wa Upande wa Kibla

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba, na siku hizi wateja wengi wa hapa Kampala wanataka vyumba vidogo vya kupangisha. Nimechoka navyo. Mwenye kiwanja anataka vyumba kumi panapofaa sita, halafu ananiuliza mimi kwa nini mlango wa choo unagonga sinki.

Chumba cha mama yangu, kule Kansanga, nilikichora kwa moyo. Baba alikuwa amefariki, magoti ya mama yameisha, na dada yangu alitaka kumhamishia kwake Bombo. Mama hakutaka kutoka kwake. Basi nikampa chumba cha chini, kisicho na kizingiti, mlango mpana, vishikio vya chuma chooni na bafuni. Swichi, rafu, soketi, jiko, vyote nikaviweka usawa wa kiuno ili asiiname hata kidogo. Nilijivuna, sitasema uongo. Kila mgeni nilimzungusha humo.

Asubuhi moja nilimpigia simu, haikupokelewa. Nikapanda boda kutoka ofisini Nakasero, roho mkononi. Nilimkuta sakafuni, juu ya mkeka wa kusalia. Alikuwa amesujudu alfajiri, magoti yakagoma kumwinua. Simu ilikuwa juu ya rafu, mahali nilipoichagulia mimi.

Nilichora nyumba ya mtu asiyeinama, na mama yangu huinama mara tano kwa siku tangu kabla sijazaliwa. Mimi ndiye niliyeacha kusali, nikasahau kwamba yeye anaendelea. Nilimwinua kwa aibu, nikashindwa kumtazama usoni.

Dada alikuja mchana huohuo na begi la kufungashia nguo.

"Basi awe anasali kwenye kiti," nikasema, nikitafuta pa kutokea.

"Kiti nakaa siku yote," mama akasema. "Kusali niachie chini. Na Bombo mimi hapana kwenda."

Dada akakubali kungoja siku moja tu.

Kesho yake nilikuja na drili. Ukuta wa upande wa kibla niliukuta nimeujaza kabati, nikaling'oa. Mama akakaa mkekani, akanyoosha mkono, nami nikaweka alama pale mkono ulipofika. Nikafunga chuma kimoja chini, kingine juu yake, na mfuko wa simu karibu na sakafu.

Adhuhuri alisali. Mimi na dada tulisimama mlangoni. Alisujudu, akakawia, mkono ukapapasa ukuta, ukashika. Akasimama. Dada akafuta machozi, akachukua begi lake tupu, akaenda zake.

Nilibaki nikifagia vumbi la saruji, nimepiga magoti kwenye ukuta ule. Nilipotaka kuinuka, goti langu likakataa. Nilijaribu tena, jasho likinitoka, kisha nikashika chuma.

Mama alikuwa kitini ananiangalia, wala hakucheka.

"Vuta pole pole, mtoto yangu," akasema. "Mimi pia ilianza hivyo."