Mabua ya Zizi la Zamani

Siku ile tulikuwapo mimi. Mdogo wangu wa kiume anayenifuata. Kitinda mimba wetu, msichana. Shangazi, aliyetoka Mlangali kuja kutusaidia. Mzee wa Kimasai mwenye boma. Mke wake, tuliyemwita yeyo, yaani mama kwa Kimasai. Na vijana wao wawili wachungaji. Na ng'ombe. Ng'ombe walifika kabla ya watu. Nilisikia kengele zao nikiwa bado njiani na kiroba cha unga kichwani, natoka kusaga Makambako.

Tulihamia kule nyikani baada ya kumzika mama. Baba alikuwa ametangulia. Pale msibani, nyumbani Mjimwema, wajomba walishatugawa: huyu aende kwa fulani, yule kwa fulani. Nikasema hatugawanywi. Sikusema hivyo kwa ujasiri. Tangu mazishi nilikuwa nawasikia watu kama wanaongea nyumba ya pili, na hilo lilikuwa jibu fupi kuliko yote. Shule nilikuwa nimeshaacha mama alipoanza kuugua.

Yeyo alikuwa akiuza maziwa sokoni Makambako, kando ya viazi vya mama. Alituambia wanahama, wanaliacha zizi lao la zamani, twende tukalime. Wafugaji wakihama, zizi hubaki na samadi ya miaka mingi, na mahindi huota pale bila mbolea ya dukani. Sharti lilikuwa moja. Mahindi yetu, mabua yao. Kiangazi nyasi zikiisha, ng'ombe wangerudi kula mabua ili wapate nguvu ya kushuka hadi kwenye majani mabichi ya Usangu.

Kule hakuna ukungu kama nyumbani. Kuna nyasi za njano, miiba, na upepo unaoingiza vumbi ndani ya ugali. Maji tulichota kwenye shimo la mchanga mtoni, tukisubiri lijae tena. Kibanda chetu kilisilibwa kwa kinyesi cha ng'ombe. Maziwa yalinuka moshi wa kibuyu, na kitinda mimba aliyakataa, kisha akayazoea. Tulivuna. Magunia yalipanda hadi darini. Niliyatazama nikaenda kulala.

Nilipofika siku ile, shamba lilikuwa jeusi. Mabua hayakuwapo. Mahali pake palikuwa na matuta, yamenyooka vizuri kama ya kwetu milimani. Shangazi alisimama katikati na jembe, amefurahi.

"Umeona, mwanangu? Wewe unakwenda mashine, sisi huku tumefukia yote. Mvua ikija, unapanda tu."

Ng'ombe walikuwa wakitembea juu ya matuta wakinusa udongo. Mzee aliegemea fimbo yake.

"Mama, mabua yako wapi?"

"Chini, mzee. Kwetu mabua ni mbolea."

"Hapa chini ni samadi mpaka kiunoni. Mmeitia mbolea mbolea."

Mmoja wa vijana akacheka. "Watu wa baridi hawa! Wakiona kitu kimesimama, lazima wakizike."

Hapo ndipo shangazi alipoelewa. Akaketi juu ya tuta lake. Hakuna aliyekuwa amemwambia sharti, na watoto walidhani mtu mzima anajua.

Nilijua tunaweza kufukuzwa, na tukifukuzwa watoto watagawanywa. Nilijua tu, kama mtu anavyojua kesho ni Jumatatu. Nikaingia ndani nikaburuta gunia la mahindi hadi mlangoni.

"Rudisha," mzee akasema. "Ng'ombe wangu hawali watoto wa watu."

Basi tukaanza kufukua. Hakuna aliyetuambia. Tulivuta mabua kwa mikono, tukayakung'uta, ng'ombe wakayapokea na mchanga wake. Mengi yalikuwa yamekatwakatwa, hayakufaa. Yeyo alifukua pamoja nasi, kisha akamwambia shangazi, "Wifi, una mikono ya nguvu. Mwakani tutakufunga kamba." Shangazi akacheka huku analia.

Ng'ombe mmoja mzee hakuinuka tena. Alikufa kabla jua halijazama, na nyama tukagawiwa hata sisi. Ndama wake hangeweza safari. Yeyo alimleta kwangu akiwa amemshika sikio.

"Huyu ni wetu, lakini atakaa kwako. Limeni tena."

Wakashuka Usangu na wale waliokuwa wanaweza kutembea. Wangapi walifika, sijaambiwa.

Tumelima tena. Ndama amekuwa mtamba, analala nyuma ya kibanda. Juzi shangazi alipiga simu akiuliza kama aje kusaidia. Nikamwambia aje, jembe aliache Mlangali. Mahindi yameshaingia ndani, na wadogo zangu wote wawili wako hapa. Mabua yamesimama. Asubuhi nafukuza ng'ombe wa watu wengine wasiyaguse, jioni nafukuza tena. Wenyewe hawajafika bado.