Bajeti ya Waingereza na Kaburi la Jirani

Mume wangu alipopunguzwa kazi kwenye ushirika wa pamba, alirudi kijijini kwetu Sapiwi na vitu viwili: redio na maoni. Biashara ya pamba ilikuwa imefunguliwa. Wanunuzi binafsi walikuja na mizani zao na malori yao, na makarani wa ushirika wakabaki bila cha kupima. Kijijini waliendelea kumwita Karani, mwanzoni kwa heshima, baadaye kwa utani.

Redio ilikuwa ya betri. Zikichoka alizianika juani kama mihogo, akakaa pale pale kuzilinda na kuku. Jioni alifungua matangazo ya Kiswahili kutoka Uingereza, na kesho yake kijiji kizima kilijua kwamba serikali ya Uingereza inatapanya fedha kama mlevi. Inawalipa watu wasiofanya kazi, alisema, huku amekaa kitako tangu asubuhi. Halafu kulikuwa na wakubwa wa Ulaya, wale wanaokaa Ubelgiji, ambao Mwingereza hakuwachagua lakini wanamtungia sheria. Hata samaki wa bahari yake mwenyewe anapangiwa avue wangapi. Hilo lilimkera kana kwamba samaki walikuwa wake.

Siku moja alilieleza jambo hilo kwenye mashine ya kusaga, watu wakiwa kwenye foleni. Mama mmoja akashusha ndoo yake ya mahindi, akauliza, "Na wao walipokuwa wanatutungia sisi sheria, nani aliwapigia kura?"

Watu walicheka. Jirani yetu, mfugaji asiye na maneno mengi, akamwambia, "Karani, fimbo ya mbali haiui nyoka. Njoo tuongee bei ya pamba."

Hakwenda. Mimi nilijua kwa nini. Kazi yake ilikatwa kwa sababu wakopeshaji wa nje walitaka serikali yetu ipunguze matumizi, na serikali ikakubali. Hilo hakuligusa hata siku moja. Lilikuwa linamuuma mno, akaona heri aumizwe na ya Waingereza. Nilimhurumia, lakini huruma yangu ilikuwa inapungua, maana mimi ndiye niliyekuwa nalima.

Ndipo akafa mama wa yule jirani mfugaji. Kwetu mtu akifa, kila kaya inatoa mwanamume wa kuchimba kaburi, na wanawake wanapeleka maji, kuni na unga. Hakuna anayesubiri kuitwa. Nilibeba ndoo yangu alfajiri nikijua mume wangu ananifuata. Hakunifuata. Siku hiyo Waingereza walikuwa wanabishana juu ya bajeti yao, naye alikuwa ameweka betri mpya.

Baada ya mazishi wazee watatu walikuja kumuuliza, maana kaya isiyotoa mchimbaji ni kama haikufika. Angeweza kusema alikuwa anaumwa, yangekwisha. Badala yake aliwahutubia.

"Kanuni hii imepitishwa na bunge gani?" alisema. "Mimi natawaliwa na sheria za nchi, siyo na watu ambao sikuwachagua. Na hayo matumizi yenu! Ng'ombe anachinjwa, watu wanakula, mashamba yanalala. Hata Uingereza inaanguka kwa mambo kama hayo."

Nilikuwa nimesimama mlangoni, kanga yangu bado ina udongo wa msibani. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Wazee walimsikiliza mpaka mwisho, wakaaga kwa adabu, na adabu ile ndiyo iliyoniumiza zaidi.

Kijiji kikampiga mchenya, yaani faini: atoe fahali mmoja aliwe na watu wote. Akakataa. Basi tukatengwa. Aliyetengwa haombwi moto wala haombi, hauziwi chumvi, hasagiwi unga, na hasalimiwi. Nilirudi kutwanga kwa kinu kama bibi zangu. Kisimani wanawake niliocheka nao tangu niolewe walinyamaza nikifika, wakanipisha nichote, kisha wakasogea.

Lakini aliyeteseka kweli ni mama mkwe wangu. Alikuwa mkunga, na nusu ya watu wa pale aliwakata vitovu kwa mikono yake. Kila asubuhi alitoa kigoda chake nje akawasalimu wapita njia, "Mwangaluka," nao wakapita wakiangalia miguu yao. Hakuwalaumu. Angekuwa mmoja wao, angefanya vile vile. Aliingiza kigoda ndani akakaa na mwanawe, na redio ikawa inaongea peke yake.

Baada ya kuvuna pamba kifua kilimbana mama mkwe. Alipoona hakiachii, akamwambia mume wangu afunge ng'ombe kwenye mkokoteni ampeleke barabara kuu, apande basi kwenda Nyalikungu kwa binti yake.

"Ukipona, mama, tutakwenda," mume wangu alimjibu.

"Nataka kwenda sasa, wakati bado napumua. Nikishaacha kupumua, hapa nitabebwa na nani?"

Mume wangu akaenda zizini. Akafunga ng'ombe.

Tulipita katikati ya kijiji mchana kweupe, mama akiwa amelala kwenye godoro, mimi nimempakata kichwa. Watu waliacha kazi zao wakasimama kutuangalia. Tulipofika kwenye ua wa minyaa wa yule jirani mfugaji, alitoka akashika pembe ya ng'ombe wa mbele. Alivunja amri ya kijiji mbele ya macho ya wote.

"Mayu," alimwita kama mama yake mwenyewe, "unakwenda wapi?"

"Natafuta watu wa kunizika, mwanangu."

Jirani aliinamisha kichwa. "Shuka. Sisi tutakuzika."

"Na huyu?" Mama alimwonyesha mwanawe kwa kidevu. "Mkinizika mimi huku yeye amesimama pembeni kama mgeni, mtakuwa hamjanizika. Hajui kukaa na watu, lakini ni wangu."

Kila mtu akamgeukia mume wangu. Alikuwa ameshika fimbo ya kuswagia ng'ombe. Akaiweka chini. Mwishowe akasema, "Nimekosa. Fahali mchukueni leo."

Jirani akaanza kufungua nira.

Mimi nilijifunika uso kwa kanga. Miezi yote ile nilikuwa nimemwomba Mungu amwaibishe mbele za watu, aonje ninachoonja kisimani. Sasa alikuwa ameaibika, tena mbele ya mama yake anayekufa, nami sikuweza kumtazama. Mama mkwe akaninyooshea mkono nimsaidie kushuka.