Bao Ambalo Baba Hakuliona

Sisi tuliokuwa wadogo miaka ya tisini ikielekea ukingoni tulijua kungoja. Ulingoja barua kutoka nyumbani, ulingoja picha zirudi kutoka kusafishwa, ulingoja matunda ya lichi yaive. Mimi, msimu mmoja mzima, nilingoja bao la baba yangu.

Tuliishi Guangzhou, China. Baba alikuwa anamalizia udaktari chuoni, Mama akinunua nguo barabara ya Zhanqian na kumtumia wifi yake auze Kariakoo. Watoto wanaosema Kiswahili pale chuoni tulikuwa wachache. Rafiki yangu alikuwa Wanjiru, Mkenya, na tulicheza rede nyuma ya bweni kwa mpira wa soksi, mpaka bibi mfagizi atufukuze na ufagio wake, kisha atuite tena atugawie miwa. Asubuhi uji wa mchele, jioni chapati za Mama, na kutwa nzima harufu ya nguo zilizogoma kukauka kwa ule unyevu. Nikichanganya mahali mnisamehe, kumbukumbu yangu si ya kuapia.

Chuo kilikuwa na timu ya wanafunzi wa kigeni: Watanzania, Wakenya, na Wakongo waliogombana kwa Kifaransa hata tulipokuwa tunaongoza. Baba ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote, akicheza beki. Mwanzoni tulifungwa hovyo, mpaka wapishi wa chuo wakawa wanatucheka tukipita. Halafu, sijui walikula nini, wakaanza kushinda. Kila mtu akafunga. Baba yake Wanjiru alifunga mpaka akachoka kushangilia. Baba yangu, hata moja.

"Goli lina nguzo mbili," Wanjiru akaniambia. "Babako ndiye ya tatu."

Nikarudi nyumbani nalia. Baba akacheka, akanifuta kamasi. "Mwanangu, kabla hatujarudi Dar nitakufungia moja. Lako peke yako."

Mama alikuwa anakunja suruali za biashara. "Baba Rehema, usimdanganye mtoto. Kwa miguu hiyo?"

Ikabaki mechi moja tu, fainali, dhidi ya chuo jirani. Wiki ile ile tulikuwa tunapanda ndege kurudi nyumbani moja kwa moja.

Mama ndiye aliyesimamia jezi mpya. Alimpelekea kazi hiyo laoban wake, ndivyo tulivyowaita wenye maduka wote pale. Huyu alikuwa mama mmoja mnene, mcheshi. Akashona jezi za njano zenye mikono ya kijani, na Mama akamwachia sampuli aitundike dukani. Siku ya fainali wapinzani wakashuka kwenye basi lao wamevaa njano, mikono ya kijani.

Mama akashika kiuno. "Laoban huyu! Nikimkamata leo!"

Kwa haki lazima niseme: laoban hakuahidi kwamba hatamuuzia mtu mwingine, na Mama hakumwomba asiuze. Pale kitu kikipendeza leo, kesho kutwa kiko kila duka, na sisi tulilijua hilo kuliko wote.

Mwamuzi akarusha sarafu kuamua nani abadilishe, tukashindwa. Wachezaji wetu wakageuza jezi ndani nje, mishono inaonekana, namba zimefichwa. Ingesaidia kama mvua isingenyesha. Kufika kipindi cha pili wote walikuwa rangi moja, rangi ya tope.

Mimi na Wanjiru tulikuwa nyuma ya goli la wapinzani, chini ya mwavuli mmoja, tunamenya lichi. Hakuna aliyekuwa amefunga. Mwishoni kabisa tukapata kona, na Baba, ambaye msimu mzima hakuwahi kuvuka katikati ya uwanja, akaja mbele anakokota tope. Nikaruka, nikatupa lichi, nikapiga kelele, "Baba! Baba!" Mpira ukashuka, watu wakarundikana, goti, bega, kiwiko, kisha mguu mmoja ukachomoza kwenye lile rundo ukausukuma mpira ndani.

Mguu wa nani? Nilikuwa karibu kuliko mwamuzi na sijui mpaka leo.

Ushindi ulikuwa wetu, hilo halina ubishi, hata kama walijifunga wenyewe. Ila mimi sikuwa nangoja ushindi.

"Wamejifunga!" Wanjiru akasema.

"Ni Baba!"

"Umeona?"

Nikaokota lichi yangu topeni. Mwamuzi naye akawa anauliza nani amefunga, watu wanatazamana. Ndipo beki wao mmoja, kijana mrefu, akainuka kutoka topeni, akapangusa macho, akamnyooshea Baba kidole. Ni yeye, akasema kwa Kichina. Wanjiru akanipa lichi yake kubwa kuliko zote.

Kwenye ndege nilimuuliza Baba kama kweli alifunga. "Mwanangu, nilikuwa nimefumba macho."

Tangu hapo namfikiria yule kijana. Labda alisema kweli. Labda alikuwa amejifunga mwenyewe, akaona aibu. Au labda alinisikia. Kwa Kichina nako baba huitwa baba, na sauti yangu siku ile ilifika mbali.

Wanangu wananishangaa. "Mama, si mngeangalia marudio?" Kwao hakuna ubishi unaomaliza chai kikombe kimoja, simu inatolewa, mguu unasogezwa taratibu, basi, imekwisha, wanarudi kuinamisha vichwa. Siwalaumu, na sisi tungekuwa nazo tungefanya vile vile. Ila sisi ilibidi tumwamini mtu aliyenyoosha kidole.

Baba sasa ni mzee, anawasimulia wajukuu bao lile, na kila Idi analipiga kutoka mbali zaidi. Mwaka huu alilipiga karibu na katikati ya uwanja. Wajukuu wakacheka, wakanigeukia mimi shahidi. "Mama, kweli?"

Baba naye akanitazama, akingoja.

"Nilikuwepo," nikasema. "Nilishangilia mpaka sauti ikakauka."