Lina Tabia Tu

Kuna maneno ambayo mama yetu alimwachia dada yangu, na kwa miaka sita niliyakalia mimi. Si maneno mazito. Ni mepesi, hata mtoto angetumwa nayo. Niliyakalia kwa sababu huwezi kuyasema bila kulitaja gari, na gari nilimuuzia mimi.

Mimi ni dalali wa magari yaliyokwisha tumika, kazi ya mdomo. Kwenye kazi yetu ugonjwa wa gari hautajwi mbele ya mteja. Gari lisilowaka asubuhi, tunasema linapenda kupashwa moto. Lililogongwa likabondwa, tunasema limenyooshwa. Na lile ambalo hata sisi wenyewe hatujui litafanya nini kesho, tunasema lina tabia. Neno hilo nimeuzia magari mengi. Halimtii mtu hofu, maana kila mtu ana tabia yake, mkeo anayo, bosi wako anayo, na bado mnaishi.

Mwaka niliomuuzia, mvua ilipita kiasi. Maji yaliingia kwenye yadi moja ya magari upande wa mabondeni na magari yakalala ndani yake siku mbili. Nililichukua moja kwa bei ya kutupa. Nikang'oa viti, nikaanika zulia juani wiki nzima, nikasugua tope kila mahali mkono ulipofika, kisha nikanyunyiza marashi. Kwenye viti ilibaki alama ya maji, shubiri moja juu ya pale unapokalia, na haikutoka kwa sabuni wala kwa petroli. Nikanunua vitambaa vya kufunika viti. Wakaja wateja wanne, wakaliwasha, wakalisikiliza, wakaaga. Wa tano alikuwa dada yangu.

Ni mdogo wangu wa tumbo moja. Mimi ndiye niliyemfundisha kufunga kamba za viatu. Ni mpishi wa keki, na siku hizo alikuwa akipeleka keki za harusi kwa pikipiki ya kukodi, amelipakata sanduku huku akimwomba dereva, "Polepole baba, polepole, nina bibi harusi hapa." Alikuja yadini kwangu na unga kwenye nyusi. Akalizunguka gari, akafungua mlango, akavuta hewa.

"Linanukia," akasema. "Kaka, lina tatizo?"

"Halina tatizo. Lina tabia tu."

"Tabia gani?"

"Utaizoea."

Akacheka, akaingia, akashika usukani. Hakuuliza tena. Mtu akinunua kwa nduguye haulizi mara mbili, na hilo nililijua kuliko yeye. Nilijiambia kwamba nikipata gari jingine zuri nitambadilishia. Nilijiambia hivyo miaka tisa, na katika miaka hiyo mazuri yalipita mikononi mwangu mengi sana, nikawauzia watu baki.

Gari lile alilibatiza Bibi Harusi, kwa sababu lilihitaji kubembelezwa ndipo litoke nyumbani. Na kweli tabia alizizoea, aliziandika kwenye karatasi akaibandika kwenye friji kwa faida ya yeyote atakayeliazima. Ukiwasha taa ya kukata kushoto, waipa zinaamka. Ukikata kulia, honi inalia yenyewe, na ndiyo maana watu wa njia yake ya jioni walimwona ana adabu kupindukia, wakawa wanampungia mkono. Kioo cha mlango wa abiria kilikuwa kikishuka mvua ikianza na kupanda jua likitoka. Taa ya injini haikuzimika hata siku moja. Alichoka kuiangalia, akaibandikia ua dogo la karatasi, lile la kupambia masanduku ya keki.

Lakini tabia mbaya kuliko zote ilikuwa ya kuzima kwenye foleni injini ikishapata moto. Hapo ilibidi ashuke, afungue boneti, atikise waya fulani karibu na fyuzi, kisha aigonge stata mara mbili kwa mpini wa mwiko. Alikuwa na mwiko wa kazi hiyo, wa mti mgumu, ulikaa chini ya kiti cha dereva. Nimewahi kumwona katikati ya barabara, amevaa gauni la kutokea, keki ya ghorofa tatu kiti cha nyuma, magari yakimpigia honi pande zote, naye anagonga injini kwa mwiko kama anayeua nyoka. Akaniona, akapaza sauti, "Kaka! Bibi Harusi amenuna!" Watu wakacheka. Nami nikacheka nao, uso mkavu.

Mafundi walikuja kila mmoja na lake. Wa kwanza alibadili betri. Wa pili akasema betri haikuwa na kosa, akabadili alteneta. Wa tatu akasema wenzake wote ni wababaishaji, shida ni sensa, akaitoa akaweka nyingine, na gari likazima akiwa bado anajifuta mikono. Mmoja alithubutu kusema, "Mama, hili gari uliuziwa likiwa bovu." Dada yangu alimjia juu, mimi nikiwa nimesimama palepale.

"Wewe unabahatisha tu! Aliyeniuzia ni kaka yangu. Kaka yangu hawezi kuniuzia gari bovu."

Ningeweza kusema siku ile. Badala yake nami nikakunja ndita, nikamkaripia yule fundi kwamba hajui kazi. Maskini wa watu alikuwa peke yake aliyejua kazi. Alikusanya spana zake akaondoka, na mpaka leo nikipita gereji yake naangalia upande mwingine.

Mwaka wa tatu wa gari lile mama aliugua, akalazwa. Tuligawana zamu. Asubuhi na mchana nilikuwa mimi, alasiri alikuwa dada yangu, akitoka kupeleka keki. Mama alizoea kumsubiri kwa kusikiliza. Kuingia hospitali unakata kulia, kwa hiyo saa kumi kila siku tulikuwa tunasikia honi getini, na mama anasema, "Huyo amefika. Nikalisheni vizuri."

Siku hiyo saa kumi ilipita. Mama alikuwa amedhoofika tangu asubuhi, muuguzi alikuwa amekwisha niita pembeni akaniambia niwaite ndugu. Nikampigia dada yangu simu. Nilisikia honi nyingi nyuma yake.

"Gari limezima kwenye makutano," akasema, anahema. "Nimegonga, nimegonga, haliwaki. Nakuja, kaka. Mwambie mama nakuja."

Nikarudi kando ya kitanda. Mama akafumbua macho.

"Mdogo wako yuko wapi?"

"Yuko njiani, mama. Gari limemzimikia."

"Lile ulilomuuzia?"

"Ndilo, mama."

Akanitazama. Sijui alijua nini, mama yule hakuwa mtu wa kuuliza uliza. Kisha akasema nimwambie asihangaike, asije akakimbia barabarani, na kwamba yeye atamngoja. Alisema hivyo, akageuzia uso dirishani kuliko na geti. Baada ya robo saa akakata kauli, na baada ya muda mfupi akatutoka.

Dada yangu alifika kwa pikipiki, dakika arobaini baada ya kupokea simu yangu, mikono myeusi kwa grisi. Gari alikuwa amelisukuma pembeni kwa msaada wa wapita njia. Alisimama mlangoni mwa wodi akaona shuka. Alipomaliza kulia aliniuliza jambo moja tu.

"Alisema chochote?"

Nilikuwa nayo kwenye ulimi. Lakini ningesemaje kwamba mama alisema atamngoja, bila kukumbuka ni nani aliyemfanya angoje bure? Nikaogopa. Nilidhani namhurumia yeye, kumbe najihurumia mwenyewe.

"Alilala tu," nikasema. "Hakusema kitu."

Baadaye Bibi Harusi akawa kama ametulia. Zamani likizima barabarani mimi ndiye wa kwanza kupigiwa simu, mara mbili tatu kwa mwezi. Miaka miwili baada ya msiba simu hizo zikakoma. Nikafurahi. Nilidhani amepata fundi mzuri, nikamwambia hata mke wangu kwamba lile gari lilikuwa linahitaji kuzoeana na mwenyewe tu. Sikuona ajabu kwamba dada yangu alikuwa anakuja kwangu mara chache, anakaa ukingoni mwa kiti, anajibu salamu zote na haongezi neno.

Mwaka huu kakodi chumba cha duka chini ya nyumba anayoishi, wateja wanafuata keki wenyewe. Akaniita. "Njoo unisaidie kuliuza, wewe ndiyo kazi yako." Nilikwenda mbio. Nilikuta mnunuzi amekwisha fika, muuza mayai anayemletea trei dukani, kijana mpole mwenye familia. Nikaanza mambo yangu. Nikafungua boneti, nikasifu rangi, nikapiga kofi bodi, nikasema ni gari la mama mmoja tu, halijapita mikono mingi.

"Lina tatizo lolote?" yule muuza mayai akauliza.

Nikavuta pumzi niseme lile neno langu. Dada yangu akanitangulia.

"Lina matatizo," akasema. "Lilizama kwenye mafuriko kabla sijalinunua. Waya zote zimeliwa na kutu. Fundi alining'olea zulia na dashibodi miaka minne iliyopita, tukatoa tope la kujaza bakuli." Akafungua mlango, akavifunua vile vitambaa vya viti, akaweka shubiri yake juu ya kiti. "Maji yalifika hapa."

Ilikuwa palepale. Hakukosea hata unene wa kidole.

Muuza mayai akashika kiuno. "Kumbe! Sasa ni nani aliyekuuzia gari lililozama?"

Mimi nilikuwa nimeshikilia boneti. Nikangoja aninyooshee kidole.

"Ni mtu tu," dada yangu akasema. "Hata yeye hakujua."

Walielewana kwa bei ndogo, bei ya gari lililozama, na akamsomea karatasi ya friji yote, tangu waipa mpaka honi. Kijana akaondoka nalo taratibu. Mwisho wa barabara akakata kulia, tukasikia honi. Dada yangu alifumba macho kidogo. Nilijua amesikia geti la hospitali, kwa sababu hata mimi nililisikia.

Tuliingia dukani. Ndipo alipouona mwiko kwenye kaunta. "Nimesahau kumpa," akasema, akauchukua, akawa anaufuta kwa aproni bila sababu.

"Nilijua," nikasema.

"Najua ulijua, kaka. Vitambaa vya viti ulivinunua wewe."

"Mbona hukuniuliza?"

"Nilikuuliza. Siku ya kwanza kabisa, yadini." Hakupandisha sauti. "Nikawa nangoja ujibu."

Basi nikamwaga yote. Nilimwambia mafuriko, zulia, marashi. Alikuwa anaitikia kwa kichwa, hakuna lililokuwa jipya kwake. Kisha nikamwambia kwamba mama alisema maneno. Mkono uliokuwa unafuta mwiko ukasimama.

Nikamsimulia, sikumficha hata lile swali la gari. Nikamwambia mama alisema usihangaike, usikimbie barabarani, na kwamba atakungoja.

Kwanza hakulia. Alikuwa kama mtu anayehesabu kitu kichwani. Akaniuliza kwa sauti ndogo, ile sauti yake ya utotoni:

"Alisemaje yeye mwenyewe? Alisema 'namngoja' au 'nitamngoja'?"

Nikafungua mdomo. Nilimwona mama, niliona glasi ya maji, niliona uso wake ukigeuka kulielekea geti. Midomo yake niliiona ikitikisika. Sauti ndiyo haikuwepo. Nilikuwa nimeyaficha maneno yale miaka sita hata kwangu mwenyewe, kila yalipokuja nikiyasukuma ndani, na sasa ninayatafuta nakuta maana tu, maneno yenyewe yamekwenda. Hayakusikiwa na mtu mwingine yeyote.

"Sikumbuki," nikasema.

"Fikiria vizuri, kaka."

Akavuta stuli, akaketi mbele yangu na mwiko wake mapajani, akaningoja.